Gemu bora ni ile inayokuonyesha ulipokosea

Mhariri,

Kila mwaka ukielekea ukingoni, kurasa za burudani hujaa orodha za gemu bora. Ukizisoma zote utajua ipi ina picha za kung'aa, ipi imeuza nakala nyingi na ipi imenyakua tuzo. Usichokipata ni cha kukufaa ukishaishika pedi: gemu hii inakudai nini, wengi hukwama wapi, na kwa nini. Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nitaje zangu za 2024 kwa mtindo huo. Kipimo changu ni kimoja tu. Mchezaji akishindwa, je, gemu yenyewe inamwonyesha kosa lilikuwa wapi? Isiyoweza, hata iwe tamu kwa macho kiasi gani, nimeishusha au nimeitoa kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa Balatro, iliyotoka tarehe 20 Februari na kufika kwenye simu mwezi Septemba. Imetengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, na kwa kuitazama haina cha kujivunia: karata 52, meza, na jokeri zenye sura za kuchekesha. Anayesimuliwa tu hudhani ni kamari. Siyo. Hakuna pesa ya kweli inayowekwa wala kuliwa. Dola unazoziona mle ndani hununua kadi za mle ndani, basi. Hilo halikuwazuia PEGI, wanaopanga umri wa wachezaji Ulaya, kuipa alama ya 18 mwaka 2024, kabla ya kuishusha hadi 12 mwaka 2025, ilhali gemu ya mpira iliyouza pakiti za wachezaji wa kubahatisha kwa pesa halisi ilipewa 3. Mwenye macho haambiwi tazama.

Unaanza na karata 8 mkononi, nafasi 4 za kucheza na nafasi 3 za kutupa na kuchota upya (fungu jekundu la kuanzia huongeza moja). Kila seti ya poka ina namba mbili, chipu na kizidishi, na pointi zako ni namba moja mara nyingine. Jozi ni chipu 10 kwa kizidishi 2. Tatu za aina moja ni 30 kwa 3. Mfululizo wa karata tano ni 30 kwa 4, na tano za alama moja, tuseme kopa tupu, ni 35 kwa 4. Juu ya chipu za seti unaongeza thamani ya karata zenyewe: ghulamu, bibi na mfalme ni 10 kila mmoja, ree ni 11. Kwa hiyo jozi ya wafalme inakupa 10 na 20, yaani chipu 30, mara 2: pointi 60. Hatua ya kwanza ina raundi tatu: inadai 300, halafu 450, halafu bosi wa 600. Jozi tupu haikufikishi popote, na hapo ndipo jokeri, kadi za kukuza pointi unazonunua dukani kati ya raundi, zinapoingia. Una nafasi za jokeri 5.

Jambo ambalo wageni hulikosea, na ambalo gemu hailisemi kwa sauti kubwa, ni mpangilio. Jokeri huhesabiwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Chukua jozi ile ile ya wafalme ukiwa na jokeri mbili: moja inaongeza 4 kwenye kizidishi, nyingine inakizidisha mara 3. Ya kuongeza ikikaa kushoto, 2 inakuwa 6, kisha 6 mara 3 ni 18. Chipu 30 mara 18 ni pointi 540. Ukizigeuza, 2 mara 3 ni 6, ongeza 4 unapata 10, pointi 300. Karata ni zile zile, jokeri ni zile zile, na pointi 240 zimepotea kwa sababu ya kidole kuvivia kuburuta kadi. Kanuni basi: za kuongeza kushoto, za kuzidisha kulia. Ukiwa na Blueprint, ambayo huiga jokeri iliyo upande wake wa kulia, iweke kushoto kwa jokeri ya kuzidisha, na uitazame tena kila unaponunua kitu kipya, maana kadi mpya huingia mwisho wa safu na kuvuruga ulichokipanga.

Kosa la pili ni kutotazama mbele. Msingi wa pointi kwa hatua nane unapanda hivi: 300, 800, 2,000, 5,000, 11,000, 20,000, 35,000, 50,000. Bosi wa kawaida hudai mara mbili ya msingi wa hatua yake, na wa hatua ya nane anaweza kudai zaidi ya hapo. Jokeri za kuongeza peke yake zinakubeba vizuri mpaka hatua ya tatu au ya nne, halafu zinakuacha barabarani ghafla. Mtu anayekufa kwenye 11,000 huku akilalamika kwamba bahati imemgeuka, mara nyingi alifika pale hana hata jokeri moja ya kuzidisha. Tatizo lilianzia dukani hatua mbili nyuma. Kadi za sayari husaidia pia: Jupiter hupandisha seti ya alama moja kwa chipu 15 na kizidishi 2 kila unapoitumia, kwa hiyo chagua seti moja mapema uilishe hiyo badala ya kugawa kidogo kidogo kwa zote.

Na pesa. Mwisho wa kila raundi unalipwa riba ya dola 1 kwa kila dola 5 ulizonazo, kikomo dola 5. Maana yake ukilala na 25 unaamka na 30 bila jasho. Kubadilisha bidhaa za duka kunaanza na dola 5 na kupanda dola 1 kila unaporudia, ndipo wengi wanapomwaga akiba yao yote kutafuta jokeri moja waliyoisikia ikisifiwa. Fika 25 kwanza, kisha tumia kinachozidi. Na kabla ya kuanza hatua yoyote soma bosi wake, kwa sababu ameandikwa pale pale tangu mwanzo. The Head huzinyima kopa zote pointi zake, The Needle hukupa nafasi moja tu ya kucheza, The Psychic anataka karata tano kila mara. Aliyejenga kila kitu juu ya kopa akakutana na The Head hajaonewa. Tangazo lilikuwa mlangoni.

Ndiyo maana naiweka juu. Hakuna kushindwa mle ndani kusikoweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi.

Ya pili ni Tekken 8, ya tarehe 26 Januari. Gemu za ngumi zina sifa mbaya ya kumfungia mgeni mlango, na kwa miaka mingi sifa hiyo ilikuwa ya haki: unapigwa, hujui ulichopigwa nacho, unapigwa tena. Safari hii wametia kitu ambacho ningependa kukiona katika kila gemu ya ushindani. Ukifungua marudio ya pambano lako, gemu inasimamisha mahali ulipokosa nafasi ya kujibu, inakuandikia pigo ambalo lingempata mpinzani, na unaweza kuichukua pedi pale pale katikati ya marudio ukajaribu. Tumia dakika kumi kwenye marudio ya mapambano uliyopoteza kabla ya kukimbilia pambano jingine. Ni dawa chungu, lakini inaponya.

Ili uielewe dawa hiyo lazima uelewe fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo. Gemu inakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni karibu milisekunde 17. Ngumi ya haraka kuliko zote, ile ya kitufe cha mkono wa kushoto, huchukua fremu 10 kwa kila mpiganaji. Mpinzani akipiga pigo zito ukalikinga, anaachwa akichelewa kwa idadi fulani ya fremu. Akichelewa 10 au zaidi, ngumi yako ya haraka inampata hata akitaka kukinga. Hana la kufanya. Akichelewa 9, haimpati. Tofauti ya fremu moja hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme kompyuta imewaibia. Katika chumba cha mazoezi washa maelezo ya fremu, mwekee mpinzani wa kompyuta pigo moja linalokusumbua, lirekodi alirudie, kisha kinga na ujibu. Usijifunze mapigo 100 ya mpiganaji wako. Jifunze jibu la fremu 10, jibu la fremu 12, pigo la chini moja, la kati moja, na mfuatano mmoja wa kumbeba mtu aliye hewani. Kwa hayo tu utawasumbua watu kwa miezi.

Kinachokwenda kombo kwa wengi hakimo ndani ya gemu kabisa. Runinga nyingi zikiachwa katika hali ya kawaida ya kutazamia filamu huisugua picha kwanza kabla ya kuionyesha, na kuchelewa kwa milisekunde 50 tu ni fremu 3 nzima. Ingia kwenye mipangilio ya runinga uwashe hali ya michezo, zima vikorombwezo vyote vya kulainisha mwendo wa picha. Kwenye mtandao tumia waya badala ya Wi-Fi. Gemu yenyewe huonyesha kabla ya pambano kama mwenzako ametumia waya au la, na una haki ya kumkataa. Kuhusu Special Style, ule mtindo wa kubonyeza kitufe kimoja mfuatano mzima ukatoka, sina ugomvi nao kwa jioni ya kwanza. Lakini anayekaa nao muda mrefu hubaki hajui kwa nini pigo lilitoka, na kwa hiyo hajui kwa nini lilikingwa. Arslan Ash wa Pakistani, aliyetwaa ubingwa wa Tekken 8 kwenye Evo ya 2024, mashindano makubwa ya gemu za ngumi kule Las Vegas, anasifiwa kwa ukingaji kuliko kwa mbwembwe, na atakayetazama mapambano yake akihesabu mara anazoketi kimya na kukinga atajifunza zaidi kuliko atakayehesabu mapigo.

Ya tatu pengine itawashangaza wanaofuata orodha za kimataifa, kwa sababu wengi wameipita bila kugeuka. Tales of Kenzera: Zau ilitoka tarehe 23 Aprili, kazi ya Surgent Studios inayoongozwa na mwigizaji Abubakar Salim, yule aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliijenga akimwomboleza baba yake. Na inazungumza Kiswahili! Fungua mipangilio, chagua lugha ya sauti, na mazungumzo yote yanakuja kwa lugha ya barua hii. Kwa wapenzi wa gemu waliozoea kusikia Kiswahili kikitupwa kama kionjo, neno moja hapa na jingine pale la kumpamba mganga wa mwituni, hili si jambo dogo. Ajabu ni jinsi magazeti ya Kiswahili yalivyolikalia kimya.

Zuberi anafungua kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na ndani yake anaishi Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumtaka amrudishie baba. Kalunga anamdai mizimu mikubwa mitatu: Impundulu, ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, GaGorib wa simulizi za Wakhoikhoi, na Kikiyaon wa Afrika Magharibi. Kuna watakaosema kuwachanganya hivyo ni kupika chungu kimoja kwa vyakula vya nyumba tatu. Mimi naona waandishi walijua wanachokifanya, maana kila mzimu umepewa eneo lake na kidonda chake katika msiba ule ule.

Kiuchezaji Zau ana vinyago viwili. Cha jua ni cha kupigana karibu karibu, cha mwezi ni cha kurusha kwa mbali, na unabadilisha kwa kitufe kimoja, hata ukiwa hewani. Wengine hukichagua kimoja na kukivaa gemu nzima, kisha katikati ya safari wanakutana na maadui wenye ngao za rangi na kuona mapigo yao yanadunda. Ngao ya buluu inataka mwezi, ya rangi ya moto inataka jua. Zoea kubadili mapema, kila mapigo matatu au manne, hata pale ambapo si lazima. Jambo jingine ni kwamba uponyaji na shambulio lako kubwa vinakula kutoka hazina moja ya nguvu. Ukiimwaga kwenye shambulio kwa furaha, usije kushangaa ukikosa pumzi bosi akiwa amebakiza robo. Kanuni salama ni kubakiza kiasi cha uponyaji mmoja wakati wote na kutumia ziada tu.

Dosari inazo. Ni fupi, njia za kurudi ulikopita hazina mengi mapya, na katika baadhi ya sehemu za kukimbizwa kosa moja linakurudisha nyuma kabla hujajua ulitakiwa kuruka wapi. Hapo inaanguka kwenye kipimo changu, na ndiyo sababu haikupanda juu ya nafasi hii.

Mwenye kutaka kuona kurukaruka kwa aina hiyo kukifanywa kwa ufundi uliokomaa, atafute Prince of Persia: The Lost Crown ya Januari, kutoka tawi la Ubisoft la Montpellier. Sargon anazunguka Mlima Qaf akimtafuta mwana wa mfalme aliyetekwa, na ramani ni kubwa ya kupoteza mtu. Wakaweka dawa: vipande vya kumbukumbu, ambavyo vinakupiga picha ya mahali ulipo na kuibandika kwenye ramani. Ukikuta mlango usioweza kuufungua sasa, piga picha. Ukija kupata uwezo mpya baadaye huhitaji kukumbuka chochote. Fungua ramani utazame picha zako. Vipande havina idadi isiyo na kikomo, kwa hiyo usipige kila jiwe, na ukishalitatua fumbo ondoa picha yake uitumie kwingine.

Kwenye mapigano soma rangi. Adui akimweka njano, pigo hilo linaweza kupanguliwa, na ukilipangua kwa wakati Sargon anajibu kwa shambulio la maangamizi. Akimweka nyekundu, usithubutu kupangua, kwepa. Watu wengi hupangua mapema mno kwa sababu wanaufuata ule mmweko wenyewe badala ya mkono wa adui. Mmweko ni onyo tu, pigo huja nyuma yake, na kila adui ana pengo lake. Kama vidole haviendi na kasi hiyo, mipangilio inakuruhusu kugusa kitu kimoja kimoja: nguvu za mapigo ya adui, uhai wake, muda wa kupangua. Legeza muda wa kupangua peke yake uache mengine yalivyo, na gemu haitapoteza ladha. Inauma kwamba timu iliyotengeneza kazi hii ilitawanywa kwenye miradi mingine mwaka huo huo wa 2024.

Animal Well ya mwezi Mei ni kazi ya Billy Basso, aliyekaa nayo karibu miaka 7 na kuandika hadi injini yake mwenyewe, ile programu inayoiendesha gemu. Inachukua takriban megabaiti 33. Naam, megabaiti. Ndani yake kuna kisima chenye wanyama, giza, na maneno karibu sifuri. Huna silaha. Una fataki, kijiti cha kupulizia povu, kisahani cha kurusha, yoyo, filimbi, na kila kimoja kina matumizi matatu au manne ambayo hakuna anayekuambia. Povu, kwa mfano, ni ngazi ya kukanyagia, lakini pia linasukumwa na upepo, kwa hiyo mahali penye upepo ni lifti. Ukikwama, simama kwenye chumba ulichomo na ukijaribie kila kifaa ulichonacho kabla ya kuondoka. Tia alama kwenye ramani, mihuri imewekwa kwa kazi hiyo. Hifadhi kila unapoona simu ya ukutani. Miale minne ya moto ndiyo inayokupeleka kwenye mwisho wa kwanza. Mayai 64 yaliyofichwa ni safari nyingine chini ya hiyo, na chini yake kuna nyingine tena. Usifungue msaada wowote wa mtandaoni kabla ya mwisho wa kwanza. Ukishaupita, ruhusa, kwa sababu mafumbo ya ndani kabisa yalikusudiwa kutatuliwa na watu wengi kwa pamoja.

Jirani yake ni UFO 50 ya Septemba, kutoka Mossmouth ya Derek Yu na wenzake. Ni gemu 50 kamili ndani ya moja, zote zikijifanya ni za kampuni ya kubuni ya miaka ya 1980, zote kwa vitufe viwili tu. Onyo la muhimu kuliko yote: zimepangwa kwa tarehe, na ya kwanza, Barbuta, ni pango la mitego isiyo na huruma. Mgeni anayeanza pale hufa kwenye vyumba vya mwanzo na kudhani zote ni hivyo. Ruka. Anza na Party House, ambapo unaalika wageni kwenye karamu, unawasukuma polisi mbali kwa kuchunga wakorofi wasifike watatu, na una siku 25 kuwapata mastaa wanne katika karamu moja. Makosa ya kawaida ni kununua wageni wa bei nafuu wengi mno mpaka mastaa wanazama kwenye umati. Kutoka hapo nenda Mortol, ambako uhai wako 20 ndio vifaa vyako: unajitoa mhanga uwe jiwe, mshale au bomu ili anayekufuata apite. Usiulize umebakiwa na wangapi. Uliza kifo hiki kimefungua nini.

Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring iliyotoka tarehe 21 Juni, nimeiweka hapa katikati kwa kusitasita. Kwanza haikufungulii mlango mpaka uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg, katika gemu ya awali, jambo lililowakuta wengi baada ya kulipa. Pili, wiki ya kwanza dunia nzima ililia kwamba ni ngumu kupita kiasi. Sababu ya kilio ilikuwa moja. Ngazi zako 150 au 200 za awali hazikusaidii sana kule; kinachokusaidia ni vipande vya Scadutree, 50 kwa jumla, vinavyokupandisha hadi baraka ya ngazi ya 20, na vinafanya kazi kule tu. Vipo kwenye misalaba, na vingine hubebwa na vivuli vyenye vyungu vichwani. Bosi akikumaliza kwa mapigo mawili, ondoka, zunguka nchi, okota vipande vitano au sita, virudishe kwenye nuru ya mapumziko, kisha mrudie. Siku chache baada ya kutoka, watengenezaji waliongeza nguvu ya ngazi za mwanzo za baraka, kukiri kwa namna yao kwamba somo halikufundishwa vizuri.

Helldivers 2 ya Februari ni ya kucheza na watu watatu unaowapenda, maana risasi zako zinawaua wenzako na hakuna kitufe cha kuzuia hilo. Mambo mawili yanatosha. Ukibadilisha magazini ikiwa bado na risasi, zile risasi umezitupa, kwa hiyo zima ule mkono wa mazoea unaobadilisha baada ya kila mapigano. Na kariri misimbo ya kuitisha msaada kwa vidole badala ya macho: kumrudisha mwenzako aliyekufa ni juu, chini, kulia, kushoto, juu, risasi ni chini, chini, juu, kulia. Sanduku la risasi hushuka na mafungu manne, moja kwa kila mtu. Anayechukua mawili anajulikana. Mwezi Mei 2024, Sony, wachapishaji wake, walitaka kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti yao ya PlayStation, akaunti ambayo haifunguliki katika nchi nyingi. Walirudi nyuma baada ya siku chache za kelele, lakini mwaka ule gemu ilibaki imeondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Yeyote anayepanga kuinunua aangalie kwanza kama inauzwa alipo.

Astro Bot ndiyo iliyotwaa tuzo kuu ya The Game Awards tarehe 12 Desemba 2024, na sina kinyongo. Ni ya PS5 peke yake, ilitoka na roboti kama 300 za kuokoa, na pedi inatikisika mkononi kulingana na unachokikanyaga, mchanga au kioo. Ukirudia leveli uliyokwishaimaliza, lipa sarafu 200 umchukue ndege anayekuonyesha zilipojificha roboti ulizoziacha. Basi. Gemu inayoeleweka hivyo haihitaji maelezo.

Black Myth: Wukong sikuipa nafasi, na najua wengi watakasirika. Picha zake hazikuwa na mpinzani mwaka 2024. Lakini ilitoka bila ramani, ikaongezewa Desemba 2024 tu, na mara kwa mara njia inayoonekana wazi machoni imezibwa na ukuta usioonekana, kwa hiyo mchezaji hajui kama amekosea kuruka au hakutakiwa kupita. Atakayeinunua kwa kompyuta aandae nafasi ya gigabaiti 130, tena kwenye SSD, diski ya kasi, na apakue kwanza programu yake ya majaribio, inayotolewa bure kwenye Steam, apime kama mashine yake inaiweza. Mara ya kwanza kuifungua, iache imalize kuandaa sheda zake, programu ndogo za kuchora mwanga na vivuli, bila kuikatiza. Wanaoiruka hatua hiyo ndio wanaolalamika picha inakwamakwama. Yule mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa wa sura ya kwanza, Wandering Wight, si lazima umpige. Mpite, rudi ukiwa na nguvu. Na alama zako za ujuzi unaweza kuzirudisha bure kwenye kila madhabahu, kwa hiyo usiogope kuzijaribu.

Mhariri, kama ukurasa hautoshi, kata Astro Bot na hata Wukong. Hesabu ya jokeri iacheni nzima, namba na yote.

Wenu,
Mcheza gemu na msomaji wa siku nyingi